Kimbunga Kenneth kilinikuta Macomia, mume wangu alikuwa Mtwara

Shikamoo mama.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mzaliwa wa Mtwara, mama wa watoto wawili. Ninakuandikia juu ya jambo ambalo katika ukoo wa mume wangu limegeuka kichekesho, na kwa sababu hiyo sina wa kumweleza.

Mwaka 2016 nilimfuata mume wangu Msumbiji. Alikuwa na kibanda cha nguo na vyombo vya plastiki Macomia, katika mkoa wa Cabo Delgado. Tulipanga nyumba ya vyumba viwili, kuta za miti na udongo, juu bati. Hatukujiona wageni. Wamakonde wenzetu wamejaa kule, Wamwani lugha yao inaelekeana sana na Kiswahili, na wenyeji walitupokea vizuri. Mtoto wangu wa kwanza alijifunza kuhesabu kwa Kireno kabla hajajua kuhesabu kwa Kiswahili.

Aprili 2019 mume wangu alivuka Ruvuma kuja Mtwara kufuata mzigo. Nilibaki na mwanangu wa kiume wa miaka 5 na binti aliyekuwa bado ananyonya. Habari za kimbunga tulizisikia redioni. Lakini mwezi uliotangulia Idai kilikuwa kimeipiga Beira, na watu wengi mtaani waliamini mambo hayo ni ya Beira, mbali kabisa na sisi. Hata wazee waliozaliwa pale walisema hawajawahi kuona kimbunga Macomia.

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 25. Mchana upepo ulikuwa unakuja na kuacha. Alasiri haukuacha tena. Jua lilipozama tulikuwa tumeshajifungia ndani, na ndipo ile sauti ikaanza. Mama, mimi nimekulia pwani, upepo naujua. Hii ilikuwa kama lori lililobeba mzigo mkubwa linapanda mlima, likafika juu ya paa lako, likabaki hapo hapo likinguruma bila kupita. Nikasikia misumari ya bati inachomoka, mmoja, kisha mwingine. Bati la upande wa jikoni likaondoka. Nilimfunga binti mgongoni kwa kitenge, nikamshika kaka yake, tukatoka kwenda kwa jirani, bibi mmoja wa Kimwani ambaye wanawe walimjengea nyumba ya matofali ya saruji. Siku za kawaida ukiita jina lake kutoka mlangoni kwetu anaitika. Usiku ule tulitambaa kwa magoti. Kuna bati lilipita juu yetu. Mimi nililisikia tu. Mwanangu anasema aliliona.

Kwa bibi tulikuta watu wamejazana chumba cha katikati. Nusu ya paa lake nayo ikang'oka. Tulisimama tumeegemea ukuta, maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu, bibi anasoma Yasini kwa sauti kubwa. Sauti ilipomkauka, wanaoijua wakampokea, wakaendelea. Aliwaweka wanangu kwenye kona, akasimama mbele yao kwa mwili wake, bibi yule mwembamba, mpaka kulipopambazuka.

Asubuhi sikuutambua mtaa. Nyumba yetu ilikuwa kichuguu cha udongo. Mikorosho mikubwa imelala, mizizi iko juu. Ukisimama kwetu unaona moja kwa moja hadi barabara kuu. Mwanaume aliyekuwa akituuzia mkaa aliangukiwa na ukuta, wakamzika siku hiyo hiyo kwenye mvua. Na mvua haikukatika. Simu hakuna, barabara imekatika. Tulikula mihogo iliyolowa ambayo bibi alitugawia kidogo kidogo. Mume wangu alipotufikia alilia mbele ya watu wote. Tukarudi Mtwara na nguo tulizovaa.

Sasa shida yangu. Mtwara kila mtu ana hadithi yake ya Kenneth. Siku ile serikali ilitoa tahadhari, shule na ofisi zikafungwa, watu wakaambiwa wahame maeneo ya hatari, mji mzima ukasubiri. Kimbunga kikapita kusini. Kwa hiyo hapa Kenneth ni siku watu walikaa ndani bure. Mashemeji zangu wakikutana wanaisimulia kwa vicheko: nani aliingia uvunguni, nani alikimbia na godoro kichwani. Mume wangu anacheka pamoja nao. Nikifungua mdomo kusema yangu, ananikatiza: "Hayo yamepita, mama watoto."

Mei 2024 kilipotangazwa kimbunga Hidaya, nilikusanya vyeti, unga na maji, nikawachukua watoto nikaenda kulala kwa shangazi ambaye nyumba yake ni imara. Mtwara mjini haikupata madhara makubwa. Nikawa kichekesho cha mwaka. Mume wangu aliniambia nimemtia aibu. Desemba yake, kimbunga Chido kikapiga kule kule Cabo Delgado, nikaona picha kwenye simu, nikashindwa kula. Nikilala nasikia lile lori. Mvua kubwa ikinyesha usiku nasimama katikati ya chumba bila kujua nimeamkaje.

Mwanangu sasa anakaribia miaka 12. Mvua ikipiga bati anaacha kila kitu anakuja kukaa karibu yangu, hasemi neno. Juzi ameniuliza: "Mama, lile bati lingetupata tungekufa?" Baba yake akajibu haraka kwamba aliota. Mimi nikanyamaza, na tangu siku hiyo mtoto hajaniuliza tena.

Mama mzazi anasema nina shetani la upepo, nisomewe. Tena tunajenga. Nimemwomba mume wangu chumba kimoja kiwe na paa la zege, anasema hawezi kumwaga hela kwa ajili ya woga wangu.

Na yule bibi wa Kimwani sijui kama yu hai. Macomia ilivamiwa mwaka 2020, watu wakatawanyika, namba yake haipatikani.

Je, nina wazimu? Nimweleze mtoto au ninyamaze kama baba yake anavyotaka? Na huyu mume nimfanyeje?

Mama wa wawili, Mtwara

*

Marahaba mwanangu.

Pole. Pole ya usiku ule, na pole ya miaka yote ambayo watu walikuwa wanacheka wakati wewe ulistahili kupewa pole. Barua yako nimeisoma mara nyingi kabla ya kushika kalamu.

Wazimu huna. Nitalirudia hilo mbele, lakini kwanza nataka ujue ukubwa wa kitu kilichokupata, maana naona hakuna aliyekuambia. Kenneth kilipofika nchi kavu kule Cabo Delgado upepo wake ulikuwa na kasi ya takriban kilomita 220 kwa saa. Tangu watu waanze kuweka kumbukumbu za vimbunga, hakikuwahi kurekodiwa kimbunga chenye nguvu kiasi hicho kutua kaskazini ya Msumbiji. Wazee wa Macomia walikuwa wakweli waliposema hawajawahi kuona. Watu 45 walikufa Msumbiji, nyumba zaidi ya 40,000 ziliharibika au kuanguka kabisa, na kisiwani Ibo nyumba nyingi zilibaki kuta tupu. Na kilikuja wiki sita tu baada ya Idai, ambacho kiliua watu zaidi ya 600 upande wa Msumbiji peke yake. Nchi hiyo haikuwahi kupigwa na vimbunga viwili vikali namna ile katika msimu mmoja. Wewe ulipita katikati ya jambo hilo na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, na wote watatu mko hai. Mtu anayelicheka hajui anacheka nini.

Mashemeji zako nao hawasemi uongo, kwa upande wao. Kutoka Macomia hadi Mtwara ni kama kilomita 200 na ushei kwa mstari ulionyooka, na upepo unaobomoa nyumba hukaa karibu na kiini cha kimbunga. Ndiyo maana siku moja, jina moja la kimbunga, likawa maziko kwenu na manyunyu kwao. Lakini kuna jambo ningependa walisikie: tahadhari iliyotolewa Mtwara haikuwa ya bure. Kimbunga kingegeuza njia kidogo tu kuelekea kaskazini, wao ndio wangekuwa wanaandika barua kama yako. Aliyehama na kimbunga kisije amepoteza siku moja. Nakuomba usione haya kwa ulichofanya wakati wa Hidaya. Kile kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024 kikiwa kimeishaanza kupungua nguvu, na hata hivyo mvua zake zilikata barabara ya kusini huko Somanga, mkoa wa Lindi, na magari yakakwama. Ulibeba vyeti, chakula, maji na watoto, ukaenda kwenye nyumba imara. Hivyo ndivyo tunavyotakiwa kufanya sote.

Akikuambia mtu kwamba vimbunga havipo kwetu, mkumbushe Lindi. Tarehe 15 Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi, kikaua watu na kubomoa nyumba, na wapo wazee wa kusini waliohadithiwa na wazazi wao. Na miaka 80 kabla yake, tarehe 15 Aprili 1872, kimbunga kiliipiga Unguja, kikazamisha meli za Sultani Barghash na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa kile. Pemba ilisalimika, na baada ya hapo ndiyo ikashika usukani wa karafuu. Ni kweli kwamba huku karibu na ikweta vimbunga ni vichache, kwa sababu ule msukumo wa mzunguko wa dunia unaozungusha upepo ni dhaifu. Vichache haina maana havipo.

Sasa nizungumze juu ya mume wako, kwa sababu naona hapo ndipo fundo lilipo.

Usiku wako umenieleza mpaka nikaisikia misumari. Juu ya mume wako siku zile umeandika mstari mmoja tu: alipowafikia alilia mbele ya watu wote. Kati ya Alhamisi ile na siku aliyolia kuna siku ambazo hukuniambia chochote, na nadhani huzijui. Alikuwa Mtwara. Mtwara haikupigwa. Jioni ile watu walikuwa wanatoka nje wanapongezana, na yeye mke wake na wanawe wawili wako Macomia, simu haiingii. Je, alilala? Alimpigia nani? Nani alimwambia habari ya kwanza kutoka Cabo Delgado, na ilikuwa habari gani? Alivuka mto kwa njia ipi, barabara ilipokatika alifanyaje, aliona nini njiani? Alipokaribia mtaa wenu na kuona kichuguu mahali palipokuwa na nyumba, kabla hajajua mko kwa bibi, alidhani nini?

Sijui moyo wa mume wako na sitajifanya naujua. Lakini mwanaume aliyepita hayo, akarudi kwao akakuta ndugu zake wanacheka, ana njia chache za kufanya. Kucheka nao ni mojawapo. "Hayo yamepita" inaweza kuwa sentensi anayojiambia mwenyewe zaidi kuliko anavyokuambia wewe. Inawezekana pia nimekosea, na yeye kweli hataki tu kusumbuliwa. Utajua ukimuuliza.

Muulize kabla ya kumweleza yako. Chagua siku isiyo na mvua, watoto wamelala au wako kwa bibi yao, hakuna shemeji barazani. Usianze na "hunisikilizi", hata kama ni kweli. Muulize swali dogo tu: "Siku zile simu yangu haipatikani, ulikuwa wapi?" Kisha nyamaza. Akijibu kwa neno moja, liache likae, uliza tena wiki nyingine. Akianza kusema, msikilize mpaka mwisho bila kuweka ya kwako pembeni ili zipimwe ipi nzito. Ninyi wawili mna usiku mmoja uliokatwa vipande viwili, na kila mmoja amekaa na kipande chake miaka yote hii. Akishatoa chake, nawe siku nyingine mwambie: "Sasa nataka usikie changu, nisimulie mpaka mwisho, usinikatize."

Kuna ombi moja ambalo halingoji mazungumzo hayo, na mwambie leo kwa upole lakini bila kuzunguka: asikucheke mbele ya watoto, na asiruhusu ndugu zake wakucheke mbele ya watoto. Kama hawezi kuwanyamazisha, mtafute mtu mzima wa ukoo anayeheshimika, mjomba au wifi mkubwa, umweleze mlichopitia, naye azungumze nao. Watu wengi wangeacha utani wao siku hiyo hiyo kama wangejua kwamba mwenye kuuza mkaa alizikwa kwenye mvua.

Nije kwa afya yako. Kusikia sauti ile usingizini, kushtuka na kujikuta umesimama, kushindwa kula kwa sababu ya picha: haya ni madhara yanayojulikana ya mtu aliyeponea chupuchupu. Wengi waliopita kwenye maafa hutulia wenyewe baada ya wiki au miezi, hasa wakipata watu wa kuwasikiliza na maisha yakirudi kwenye mstari. Wengine hali hubaki nao, na ikibaki miaka kama yako inahitaji matibabu, kama jeraha lolote ambalo halikufunga. Matibabu yapo. Yenye ushahidi mzuri zaidi ni ya mazungumzo na mtaalamu aliyefundishwa, anayekupeleka taratibu kwenye kumbukumbu ile hadi ipungue nguvu. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Ligula, uulize kitengo cha afya ya akili, au anza kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu akuelekeze. Ukifika sema waziwazi: "Nilinusurika kimbunga, na tangu hapo mvua ikinyesha napatwa na hivi na hivi." Maneno hayo yatamsaidia daktari kuliko kusema huna usingizi. Na tafadhali usinunue dawa za usingizi dukani kwa shauri la mtu. Zitakulaza usiku mmoja, kisha zitakufunga.

Kisomo anachosema mama yako sikukatazi. Yasini ile iliwashika mkono usiku kucha, na kuisikia tena ukiwa mahali pakavu na salama kunaweza kukutuliza. Sikubaliani na neno shetani tu, wala na kuacha hospitali kwa sababu yake. Yaende yote mawili.

Mtu asikulazimishe kusimulia. Kuna watu wema wanaoamini kwamba aliyepata msiba mkubwa akibanwa aseme yote kwa mkupuo mmoja atapona. Shirika la Afya Duniani limeshaonya kwamba kumbana hivyo hakumsaidii. Unasimulia kwa mtu unayemchagua, kwa kiasi unachotaka, na una haki ya kuishia katikati. Picha za vimbunga kwenye simu usiziangalie usiku. Mvua ikikuamsha, weka nyayo zako zote mbili sakafuni, gusa ukuta, taja kwa sauti vitu unavyoviona chumbani, na sema ulipo: Mtwara, nyumbani, mwaka huu. Mwili unahitaji kuambiwa.

Mwanao ndiye nisiyetaka achelewe. Alikuuliza swali la mtu mzima, baba yake akamwambia aliota. Sasa ana matatizo mawili: lile bati, na kutojua kama macho yake ni ya kuaminiwa. Mwambie ukweli, mweleze kwa ufupi, wala usingoje mvua. Sema: "Ulichoniuliza kuhusu lile bati, hukuota. Lilipita kweli. Lingetupata lingetuumiza vibaya, na huenda tungekufa. Halikutupata. Tulitambaa, wewe ulinishika mkono hukuuachia, tukafika kwa bibi, bibi akasimama mbele yenu." Kisha mwache aulize. Jibu anachouliza tu, usimmwagie usiku mzima. Mengine yote, yule wa mkaa, hofu yako kwa binti, yatangoja awe mkubwa. Kumwambia mtoto ukweli wa kitu alichokiona hakumtii woga. Woga tayari anao, ndiyo maana anakuja kukaa karibu yako. Anachokosa ni mtu wa kuushika pamoja naye, na kama baba yake atakuwepo siku hiyo, hata kama hasemi kitu, itakuwa bora zaidi.

Mpe pia kazi. Mtoto wa umri wake anatulia akijua la kufanya. Awe mtunza tochi na betri za redio. Ajue vyeti viko kwenye mfuko gani wa plastiki. Mfundishe kwamba msimu wa vimbunga katika bahari yetu ni kuanzia Novemba hadi Aprili, ingawa Hidaya kilitukumbusha kwamba Mei nayo si ya kulala. Na mfundishe hili ambalo hata watu wazima wengi hawalijui: upepo mkali ukikatika ghafla kukawa shwari, inawezekana kiini cha kimbunga kiko juu yenu, na baada ya muda mfupi upepo utarudi kutoka upande wa pili. Watu hufa kwa kutoka nje wakati ule. Ukiona hata hivyo anazidi kunyamaza, anakojoa kitandani au anashuka darasani, mchukue hospitali pamoja nawe.

Kuhusu nyumba, nitasema kitu ambacho kinaweza kuwapatanisha. Mume wako ana haki ya kuhofia gharama, zege la paa ni hela nyingi. Wewe una haki ya kutaka nyumba isiyopeperuka. Kaeni na fundi. Paa lenye miteremko minne hustahimili upepo kuliko lile la miteremko miwili. Kenchi zisiwekwe tu juu ya ukuta na kupigiliwa misumari. Zifungwe kwa vyuma vilivyoachwa ndani ya zege la lenta wakati linamwagwa, na gharama yake ni ndogo mkiamua mapema, kubwa mkiamua baada ya kupaua. Mabati ya pembezoni yapigiliwe kwa karibu karibu, maana huko ndiko upepo huanza kuinua, kama ulivyosikia mwenyewe. Kisha lile paa la zege liwekwe juu ya bafu peke yake. Chumba kidogo, kuta zake ziko karibu karibu, na familia yenu inaenea. Mpelekee mume wako hesabu ya fundi kwa hayo, bila neno woga ndani yake.

Nimebaki na bibi yako wa Kimwani. Baada ya mashambulizi ya Macomia ya Mei 2020 watu walikimbilia Pemba ya Msumbiji, Nampula na kwingineko, na Chido kilipotua Mecúfi Desemba 2024 na kuua watu wasiopungua 120 Msumbiji, baadhi ya waliokimbia vita walikuwa kwenye njia yake. Naelewa kwa nini picha zile zilikunyima chakula. Ulikuwa unamtafuta mtu ndani yake. Msalaba Mwekundu una huduma ya kutafuta watu waliopoteana kwa vita na maafa. Kwa kawaida wanaoomba ni ndugu, lakini nenda ofisi yao ya mkoa ukaeleze. Andika jina lake kamili, jina la mume wake, majina ya wanawe na kazi walizokuwa wakifanya, mtaa wenu wa Macomia, na msikiti aliokuwa akiswali jirani. Waulize pia wafanyabiashara wa Mtwara wanaovuka Ruvuma pale Kilambo, wana jamaa kila upande wa mto. Mwanao anakumbuka sura yake na huenda anakumbuka majina uliyoyasahau, kwa hiyo kaa naye muiandike karatasi hiyo pamoja, kisha mwambie baba yake aipeleke.